Sauti ya Bi Kidawa na Mfuniko wa Birika

Kabla hakujapambazuka, mfuniko wa birika ulianza kugonga: ka-ka-ka, ka-ka-ka, kama meno ya mtu aliyeshikwa na baridi. Bi Kidawa alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya jiko la mkaa, mikono magotini, akiusikiliza. Hakufanya haraka kuliepua birika. Nyumbani humo mfuniko ndio peke yake uliobaki na ruhusa ya kusema, na si adabu kumkatiza mwenye zamu.

Barazani, Mcha naye aliusikia. Mcha alikuwa mtu mzima mwenye kifua kipana, na sikioni alikuwa amechomeka pembe ya bati ndefu kama mkono, upande wake mpana ukielekea dirishani.

"Ndiye?" akauliza.

"Siye. Ni birika," alijibu Faki, mwenzake mwembamba, ambaye hakupewa pembe bali darubini, na darubini hiyo aliielekeza kwenye ufa wa dirisha. "Midomo yake imefumba. Naiona. Imetulia, masikini, kama watoto waliolala."

"Basi naandika birika."

"Andika birika."

Mcha aliajiriwa na Kampuni ya Santuri Inayosema, na kazi yake ilikuwa kusikiliza kama Bi Kidawa anaitumia sauti yake. Faki aliajiriwa na Kampuni ya Mkanda Wenye Ulimi, na kazi yake ilikuwa kutazama kama Bi Kidawa anaufungua mdomo wake. Kampuni hizo zilikuwa na uadui mkubwa, na walinzi wao walitakiwa nao wachukiane. Lakini wenye kampuni walisahau kuwakataza kunywa kahawa pamoja. Kwa hiyo kila alfajiri Bi Kidawa aliweka vikombe viwili kwenye kizingiti cha dirisha, na kila alfajiri Mcha alisema, "Ahsante, Mama," kisha akaongeza kwa haya, "Utuwie radhi kukusemesha, na wewe huruhusiwi kujibu."

Bi Kidawa aliinamisha kichwa. Kichwa kilikuwa bado chake.

Jinsi mtu anavyofikia kuwekewa walinzi wa mdomo wake mwenyewe ni jambo la kuelezwa polepole, maana nchi ile ni nchi yenye heshima zake na haipendi kuharakishwa.

* * *

Nchi yenyewe ilikuwa na jina, lakini jina lilipelekwa wizarani kupigwa muhuri na halikurudi. Watu wakazoea kuiita Hapa. Hapa palikuwa na desturi nyingi nzuri, na nzuri kuliko zote ilikuwa hodi. Mtu haingii nyumbani kwa mtu bila hodi, na hodi ni tatu. Ya kwanza ni ya kumzindua mwenyeji. Ya pili ni ya kumpa nafasi ajistiri. Ya tatu ni ya kuaga, kwani usipoitikiwa hapo unageuka unakwenda zako bila kinyongo. Anayepiga ya nne ama ni mwizi ama ni mdai, na majirani wana haki ya kumtoa mbio.

Katika siku zile picha za sinema zilikuwa bubu. Watu walikimbizana pazia zima, wakalia, wakaoana, wakachomana visu, na yote kimya kama samaki ndani ya chupa. Ndipo Ukumbi wa Pazia Jeupe ukawa na msimulizi, naye ni Bi Kidawa. Alisimama pembeni mwa pazia na fimbo yake ya mwanzi, akampa kila mtu maneno yake: bwana harusi sauti nzito, mama mkwe sauti ya pua, farasi kwato, mvua matone. Na kwa kuwa aliona picha nazo ni nyumba za watu, hakuthubutu kuingia bila ruhusa. Taa zikizimwa alisimama akaita, "Hodi?"

Na ukumbi mzima ukaitika, "Karibu!"

Sauti iliyotangulia zote ilikuwa ya Mzee Shebe, msokota kamba, ambaye ndui ilimchukua macho angali mdogo. Yeye alikaa mstari wa mbele kabisa. Mkata tikiti mpya alipata kumhoji mlangoni: "Mzee, wewe huoni. Unaingia kufanya nini?"

"Naingia kutazama sinema."

"Kwa macho gani?"

"Kwa ya Bi Kidawa. Hawa wenzangu wana yao, lakini yanawasumbua. Bi Kidawa anasema 'farasi mweupe,' wao wanabishana kwamba ni wa kijivu. Mimi farasi wangu ni mweupe pepepe."

Mkata tikiti akacheka, akampeleka mwenyewe mpaka kitini, na tangu siku hiyo akawa anampangusia kiti.

Kulikuwa na jambo jingine baina ya Mzee Shebe na Bi Kidawa, dogo, lakini Bi Kidawa hakulisahau. Alipofiwa na mumewe na eda ikaisha, alirudi ukumbini. Akaita hodi, wakamkaribisha, akaanza. Na katikati, pale mke anapompungia mumewe mkono kituoni, akaishusha fimbo yake. Picha ikaendelea bila yeye. Watu wakaanza kunong'ona. Kisha gizani, mbele kabisa, Mzee Shebe akasema taratibu, kama mtu aliyesikia hodi ambayo haikupigwa: "Karibu, Bi Kidawa. Karibu tu." Na ukumbi wote ukaitikia, si kwa kelele, "Karibu." Akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akamaliza picha.

* * *

Halafu sauti ikaletwa Hapa, na kwa bahati mbaya ililetwa na watu wawili siku moja.

Bwana Kitwana wa Santuri alikuja na mashine ambayo sauti yake ilikaa kwenye santuri, ikizungushwa kando ya picha. Bwana Mwinyikai wa Mkanda alikuja na mashine ambayo sauti yake ilichorwa ubavuni mwa mkanda wenyewe, kama mistari ya chaki. Mashine ya mmoja haikukubali kabisa kazi za mwingine. Basi wakaingia kushindana. Santuri akinunua mlango wa mbele wa ukumbi, Mkanda hununua wa nyuma. Mkanda akikodi viti, Santuri hukodi miguu ya viti. Mwishowe wakagombea masikio ya watazamaji, ikabidi serikali iingilie na kuyagawa kwa haki: sikio la kushoto likawa la Santuri, la kulia la Mkanda, na mlangoni mtu alipewa pamba ya kuziba lile ambalo halikuhusika na picha ya siku hiyo.

Mheshimiwa Ngwali Pazi, Waziri wa Sauti, Ukimya na Mambo ya Katikati, alifungua rasmi ushindani huo kwa hotuba. "Ndugu wananchi," alisema, "ushindani ni kama upepo, haumilikiwi na mtu. Kwa sababu hiyo serikali yenu imeukata vipande viwili na kuwamilikisha waungwana hawa. Kila mtu yuko huru kushindana. Asiyetaka kuwa huru atashurutishwa!"

Watu wakapiga makofi kwa uhuru, polisi wakisimamia.

Shughuli kubwa ya kwanza ilikuwa picha ya Mtukufu Mwenye Nchi akifungua maonyesho ya mifugo. Santuri ndiye aliyepata zabuni. Pazia likang'aa, Mtukufu akatokea, akafungua mdomo, akausogeza wee, akainua kidole, akafunga mdomo, akaketi, akanywa maji. Kimya kitupu. Santuri ilikuwa imechelewa kuanza. Kisha picha ikahamia zizini, akatokea beberu mmoja mwenye ndevu, na hapo ndipo sauti ya Mtukufu ilipofika, nzito, ya kutetemesha vioo: "Ndugu zangu wapendwa, mimi ndiye baba yenu."

Hakuna aliyejua afanye nini. Mtu mmoja mwenye busara na familia kubwa akampigia beberu makofi, na wengine wakamfuata.

Tume ikaundwa kutafuta mkosaji. Mtukufu hakosei, hilo liko katika katiba. Mashine ilinunuliwa na Waziri, na Waziri aliteuliwa na Mtukufu, kwa hiyo mashine nayo haikukosea. Uchunguzi wa kina ukaonyesha kwamba waliokosea ni wananchi, ambao tangu zama za mababu wamekuwa wakitoa sauti mapema mno, wakati uleule mdomo unapofunguka. Ikatoka Amri ya Kuchelewa: kila raia aanze na mdomo, angoje kidogo, ndipo sauti ifuate. Beberu akapewa pensheni.

Basi ukipita sokoni uliwakuta watu wamesimama vinywa wazi, kimya, wakisubiri bei ya nyanya iwafikie. Bibi harusi alifungua mdomo kukubali, na kabla sauti haijafika mjomba wa upande wa pili alikwishakasirika. Nzi wa nchi ile walinenepa sana mwaka huo.

* * *

Katika vurugu hilo lote watu waliokuwa wakienda ukumbini walisema jambo moja: "Picha zinasema, ndiyo, lakini Bi Kidawa alikuwa akisimulia." Maneno hayo yakamfikia Bwana Kitwana. Akaja nyumbani kwa Bi Kidawa amevaa suti nyeupe, akapiga hodi vizuri, akakaribishwa, akanywa kahawa.

"Bibi," alisema, "sisi tunataka kuihifadhi sauti yako. Wewe utazeeka, sauti haitazeeka. Kuna mzee mmoja asiyeona, nasikia anakupenda sana kukusikiliza. Huoni itakuwa sadaka kubwa, akikusikia hata ukiwa hupo?"

Alijua pa kugusa. Bi Kidawa akatia dole gumba kwenye mkataba.

Walimpeleka kwenye chumba kilichojazwa sufi kuta zote, hata mtu akikohoa kikohozi kinaanguka miguuni pake. Wakamwambia aseme. Yeye, kwa mazoea, akaita: "Hodi?"

Akangoja. Fundi nyuma ya kioo akamwonyesha kwa mkono aendelee. Lakini ataendeleaje na hajakaribishwa? Akangoja, akangoja, na santuri ikazunguka mpaka ikaisha. Basi kilichomo kwenye santuri ile ni neno moja, kisha ukimya wa mtu aliyesimama mlangoni.

"Safi kabisa," akasema Bwana Kitwana, akaifungia kabatini na ufunguo akauweka mfukoni. Hakuwa na haja ya kuipiga. Haja yake ilikuwa Mkanda asiipate. Na kwa kuwa sauti sasa ilikuwa mali ya kampuni, Bi Kidawa alikatazwa kuitumia, nyumbani na nje, kwa furaha na kwa msiba.

Bwana Mwinyikai hakulala. Sauti imekwenda, akatafuta kitu ambacho sauti haiwezi kupita bila hicho. Akamwendea Waziri, na baada ya wiki tangazo likabandikwa: eneo lote lililo chini ya pua na juu ya kidevu cha raia Kidawa binti Sefu limetwaliwa kwa manufaa ya umma na kukabidhiwa Kampuni ya Mkanda Wenye Ulimi kwa maendeleo. Wapima ardhi wakaja na kamba zao, wakatia alama za chaki kwenye pembe za midomo. Mmoja wao, kabla ya kumgusa, aliomba maji ya moto akaosha vidole, ili visimtie baridi usoni. Bi Kidawa alimkumbuka katika dua zake zote, kimoyomoyo.

Kula aliruhusiwa, ilimradi mdomo ufunguliwe kwa shughuli hiyo tu. Kupiga mwayo kuliwekwa chini ya uchunguzi. Na akionekana amekiuka, adhabu ilikuwa ileile kwa pande zote mbili: kupelekwa Hifadhi ya Sauti za Taifa, jengo la kuta za sufi nje ya mji, ambako tayari walikwishawekwa mpiga mbiu wa soko la samaki, mama mmoja aliyekuwa akipiga vigelegele vya kusikika mitaa mitatu, na mtumishi mmoja wa hospitali aliyekuwa akicheka vizuri. Huko wageni hawaruhusiwi. Wangetoka ushindani ukiisha. Na sheria ilisema wazi kwamba ushindani hauna mwisho.

Ndivyo Mcha na Faki walivyokuja kukaa barazani.

* * *

Wageni wengine Bi Kidawa aliwamudu. Walipopiga hodi alifungua mlango, akawapungia mkono, wakaingia wakakaa wakamsimulia habari za mtaani, naye akasikiliza kwa macho. Tatizo lilikuwa Mzee Shebe. Mkono wa kupunga yeye utamfaa nini?

Alikuja mara ya kwanza asubuhi ya mvua nyepesi, fimbo yake ikigonga mawe. Bi Kidawa aliijua fimbo kabla haijafika kona. Akasimama nyuma ya mlango, kiganja juu ya ubao.

"Hodi," akaita Mzee Shebe. Akasubiri. "Hodi hapa." Akasubiri zaidi. "Hodi wenyewe."

Mcha hakuvumilia. "Ingia, mzee. Yumo ndani."

"Wewe nani?"

"Mlinzi."

"Wa serikali?"

"Wa kampuni, kwa idhini ya serikali."

"Basi huenda unalinda nyumba tupu, bwana mdogo. Hazina ya taifa ina walinzi miaka yote hiyo, na sote tunajua kilichomo."

"Haki ya Mungu yumo! Tena amesimama hapo hapo nyuma ya mlango!"

"Karibu ya bawabu si karibu ya mwenyeji," alisema Mzee Shebe kwa upole. "Huyu ni mwanamke mjane. Asipoitika, siingii. Mimi ni kipofu, si mshenzi." Akageuka. Bi Kidawa alifungua mlango, akaona mgongo wake ukienda na mvua. Akanyoosha mkono, lakini alikwishafika mbali, na mwanamke wa heshima hamshiki mwanamume njiani.

Mara ya pili alijitayarisha. Alishika mwiko. Hodi ya kwanza tu, akaugonga mlango kwa ndani: ko, ko, ko! Hodi ya pili, ko, ko, ko, ko! Mzee Shebe akatega sikio, uso ukamkunjuka.

"Kumbe una mafundi!" akasema. "Alhamdulillahi. Haya, siwakatizi kazi. Nitakuja siku nyingine." Akaenda zake, hakupiga hata ya tatu.

Barazani Faki aliangua kicheko, kisha akaona midomo ya Bi Kidawa kwenye darubini yake, jinsi ilivyokuwa ikitetemeka bila kufunguka, akaacha kucheka. Akaishusha darubini akajifanya anaifuta kioo. Aliifuta muda mrefu.

* * *

Mara ya tatu hakuja peke yake. Mkokoteni wa punda ulisimama barabarani, juu yake godoro, sufuria na mafungu ya kamba, na binti yake, Sikudhani, ameshika hatamu. Mzee Shebe akateremka akaja mlangoni amevaa kanzu safi.

"Hodi, Bi Kidawa," alisema. "Hii ni ya kwanza, na sijui kama nasema na mtu au na mbao. Nimekuja kuaga. Sikudhani ananichukua milimani kwake. Anasema hapa mjini nimebaki kukaa tu kama mtungi, na kweli."

Nyuma ya mlango Bi Kidawa aliubana mdomo kwa ncha ya kanga.

"Nilikwenda ukumbini juzi," aliendelea Mzee Shebe. "Niliziba sikio walilosema, nikasikiliza kwa hili jingine. Milango inafungwa, viatu vinatembea, gari linanguruma. Vizuri sana. Kisha mtu katika picha akapaza sauti: 'Tazameni!' Ukumbi mzima ukaguta. Watu walilia, Bi Kidawa. Nikamgusa aliye kando yangu, nikamuuliza kuna nini. Akafungua mdomo kunijibu, nadhani, akangoja sauti ifuate kama sheria inavyotaka, na kabla haijafika picha ikaisha. Mimi nimebaki na hilo 'tazameni' mpaka leo, sijui la kulifanyia nini." Akausogelea mlango. "Hodi. Hii ya pili."

Mcha aliivua pembe sikioni, akaitazama, akairudisha. Alikuwa na watoto. Faki alikuwa na mama.

"Basi," alisema Mzee Shebe, na sauti yake ikawa ile ya gizani, ya mstari wa mbele. "Miaka yote wewe ulipiga hodi na mimi nikakukaribisha. Sikujua kumbe kusimama upande huu wa mlango ni kugumu namna hii. Nisamehe kama nilikuwa nakukawiza. Hodi, Bi Kidawa. Ya tatu."

Fimbo ikageuka. Bi Kidawa aliisikia ikigeuka. Akaziona zile kuta za sufi, na maneno yakianguka miguuni. Akaona pia santuri kabatini, na yeye mwenyewe humo ndani, amesimama milele mlangoni, hakuna wa kumwambia neno. Mkono wake ukatoa komeo.

"Karibu," alisema. "Karibu, Mzee Shebe. Karibu tu."

Sauti ilitoka imekwaruza kama bawaba ya mlango wa ghala. Mzee Shebe akasimama palepale. Kisha akavua viatu, akapapasa kizingiti kwa mguu, akaingia.

Akaketi kwenye kigoda. Bi Kidawa akamwekea kahawa mikononi, na birika likiwa linachemka kwa kikombe cha pili, akamsimulia. Picha ile hakuwa ameiona, lakini majirani walikwishamweleza mara nyingi, naye aliijua kuliko wao. Akamwambia kwamba "tazameni" ilisemwa na mwanamke aliyesimama juu ya daraja. Kwamba chini yake treni inakuja na moshi wake mweupe. Kwamba dirishani mwa treni kuna mtu ametoa mkono nje, anatafuta kwa macho nani wa kumpungia. "Mweupe pepepe?" aliuliza Mzee Shebe. "Moshi? Pepepe," alisema Bi Kidawa.

Barazani walinzi walikuwa wameshika kalamu zao.

"Nimeona mdomo umefunguka," alisema Faki hatimaye, taratibu.

"Nami nimesikia sauti."

"Imekuja baada ya mdomo?"

Mcha akafikiri. "La. Imekuja pamoja na mdomo. Palepale."

"Pamoja?"

"Wallahi pamoja."

"Basi hiyo si sauti," alisema Faki. "Kisheria sauti hufuata. Na mdomo usiofuatwa na sauti ni mwayo. Naandika mwayo."

"Wewe umesalimika. Mimi niliyesikia 'karibu' kwa pembe hii niandike nini?"

Wote wawili wakageuka wakatazama ndani. Mfuniko ulikuwa ukigonga: ka-ka-ka, ka-ka-ka.

"Neno lako nalo linaanza na 'ka,'" alisema Faki.

Mcha akaandika kwamba aliyesema 'karibu' ni mfuniko. Lakini alipomaliza uso ulimshuka, maana aliifahamu kampuni yake. Kitu kinachosema 'karibu' bila leseni ni mshindani, na mshindani hukamatwa. Akabisha hodi, akaitikiwa, na alipoitikiwa akakohoa, kama mtu ambaye hakusikia kitu.

"Mama," alisema, macho chini, "inabidi niondoke na mshtakiwa. Lakini nimeandika mfuniko tu. Birika halikusema kitu. Birika litabaki, mpate kahawa." Akaufunga mfuniko kwenye leso yake, ungali moto, kwa uangalifu kama yai. Akafika mlangoni, akasita. "Na sisi kesho hatupo. Wamegundua habari ya kahawa. Wanaleta walinzi wengine, kutoka Hifadhi. Nasikia hao hawanywi chochote."

Bi Kidawa akamtazama, kisha akachukua vikombe vyao viwili, akavijaza tena.

Nje, Sikudhani aliita kutoka barabarani: "Baba! Punda amechoka kusimama!"

"Mfungue!" alijibu Mzee Shebe. "Shusha godoro, mwanangu. Siendi."

"Huendi? Na mizigo yote hii niliyoifunga?"

"Kamba ni zangu, nitakufungulia mwenyewe."

Sikudhani alisema mengi juu ya wazee na akili zao, lakini ulisikika mlio wa sufuria likiteremshwa chini.

Mzee Shebe akainuka, akatafuta viatu. Bi Kidawa akamsogezea, cha kulia kwanza. Birika lilikuwa bado jikoni, linachemka wazi, mvuke unatoka bila mlio wowote. Kesho asubuhi lingechemka hivyohivyo, na barazani wangekuwepo wale wasiokunywa chochote, na yeye hakujua kama ataweza tena alichoweza leo, wala kama atakuwa ndani ya nyumba hii au ya sufi.

Wakasimama mlangoni, yeye ndani, Mzee Shebe nje.

"Uje tena," alisema Bi Kidawa.

"Nitakuja."

"Uje kesho. Na ukipiga hodi nisiitike, piga tena."

"Nitapiga zote tatu, kama kawaida."

"Ukipiga tatu nisiitike," alisema Bi Kidawa, "usigeuke, Mzee Shebe. Wakuite mwizi, wakuite mdai, wacha wakuite. Piga ya nne."